Neno "native" na haki ya mkazi wa Goziba

Habari ya gazeti huishi siku moja. Kesho yake karatasi hufungiwa dagaa au huwashiwa moto. Lakini maneno yaliyotumika kuiandika habari hiyo hayafi upesi namna hiyo. Hubaki midomoni mwa wasomaji, huingia katika majalada ya ofisi, na mwisho huonekana kana kwamba ndiyo majina halisi ya vitu na watu. Ndiyo maana leo twapenda kulitazama neno moja la Kiingereza, neno la kawaida kabisa, ambalo magazeti ya Afrika Mashariki yaliyokuwa yakitoka kwa lugha hiyo yaliandika bila kusita hadi katikati ya karne iliyopita. Neno lenyewe ni "native". Hatulitazami ili kuyalilia mambo yaliyopita. Twalitazama kwa sababu kazi lililoifanya ingali ikifanywa na maneno mengine, na miongoni mwa wanaofanyiwa kazi hiyo ni wananchi wa Goziba na visiwa vingine vya Wilaya ya Muleba.

Ukifungua kamusi ya Kiingereza, utaona kwamba neno hili halina ubaya. Asili yake ni Kilatini, na maana yake yahusu kuzaliwa: mtu ni wa mahali fulani kwa kuwa alizaliwa hapo. Kwa maana hiyo Mwingereza aliyezaliwa London ni "native" wa London. Lakini hiyo siyo maana iliyotawala katika magazeti kama Tanganyika Standard, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1930, au East African Standard la Nairobi. Humo mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Arusha hakuitwa kwa neno hilo, wala mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Bukoba, hata kama hakupata kuliona bara la Asia maisha yake yote. Kwa upande mwingine, Mwafrika aliyevuka mpaka kutoka Nyasaland au Ruanda-Urundi kuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge aliitwa "native" siku ile ile alipofika, ingawa hakuzaliwa Tanganyika. Basi neno la kuzaliwa likawa halisemi lolote juu ya kuzaliwa. Likawa lasema rangi, na kwa kusema rangi likasema daraja: nani mtawala na nani mtawaliwa.

Waandishi wa magazeti hawakuibuni maana hiyo peke yao. Waliikuta katika sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi ya Tanganyika itashikwa kwa manufaa ya "natives" wa nchi. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuzuia kuwakopesha "natives", ambayo ilidaiwa kuwa ngao ya kuwalinda na madeni, lakini ikawa pia kamba ya kumzuia mfanyabiashara wa Kiafrika asipate mtaji. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ikaja sheria ya Native Authority iliyowaweka machifu katika ngazi ya mwisho ya utawala wa kikoloni. Kila sheria ilizaa ofisi, kila ofisi ikazaa taarifa, na kila taarifa ikampelekea mwandishi neno lile lile. Mwandishi akalichukua jinsi lilivyo, na msomaji akalipokea jinsi lilivyochapwa.

Yafaa tueleze neno hili lilivyofanya kazi katika ukurasa wa habari, maana mara nyingi halikutumika kama tusi. Mwandishi aliyelitumia aliweza kuwa mtu mpole, asiye na nia ya kumtukana mtu yeyote. Lilifanya kazi yake kwa njia tatu, tena kwa utulivu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuondoa jina. Ikitokea ajali ya gari, Mzungu aliyeumia alitajwa kwa jina lake, kazi yake na mahali anapokaa. Waafrika waliokuwamo katika gari lile lile walitajwa kwa hesabu: wawili, watatu, watano. Msomaji aliweza kumhurumia yule aliyetajwa jina, lakini ni vigumu kuihurumia hesabu.

Njia ya pili ilikuwa kushusha thamani ya kitu. Neno hili lilipopachikwa mbele ya kitu chochote, kitu hicho kilikuwa cha daraja la chini. Palikuwa na hospitali, na palikuwa na hospitali ya "native". Palikuwa na mahakama, na palikuwa na mahakama ya "native". Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa pombe, nguo, mazao na kazi. Katika miji mingi ya Tanganyika mitaa ilipangwa kwa mtindo huo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Bomba la maji na taa za barabarani zilifuata mpango huo huo.

Njia ya tatu ilikuwa kumnyima mtu kauli. Katika habari za siku zile "natives" walionywa, walishauriwa, walihamishwa, walihesabiwa, walipongezwa kwa utulivu wao au walilaumiwa kwa ukaidi wao. Ni mara chache walionekana wakisema jambo lao wenyewe. Afisa alisema juu yao, mmisionari alisema juu yao, mkulima wa kizungu alisema juu yao. Mtu ambaye husemewa kila siku hufika mahali ambapo hata akisema mwenyewe, msikilizaji hushangaa kwamba ana ulimi.

Mtindo huu wa uandishi ulikuwa na mizizi ya zamani, na visiwa vya mkoa wetu viliuonja mapema kuliko sehemu nyingi. Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa hili mwaka 1875 alikuwa ametumwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani. Mwezi Aprili mwaka huo aligombana na watu wa Bumbire, kisiwa kilicho katika wilaya yetu ya Muleba, waliomnyang'anya makasia. Mwezi Agosti alirudi na silaha kulipiza kisasi, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukoni. Kwa maelezo yake mwenyewe waliokufa walizidi 30. Habari hizo zilipochapwa zilizusha lawama huko huko Uingereza, kwa kuwa walikuwako watu walioona kwamba mauaji ni mauaji. Hata hivyo watu wa Bumbire waliingia katika magazeti ya dunia kwa mara ya kwanza wakiwa kundi la washenzi lililosimama ufukoni. Hakuna msomaji wa London aliyepata kusoma maelezo ya mvuvi wa Bumbire juu ya kile alichokiona siku ile. Miaka 75 baadaye, katikati ya karne ya ishirini, lugha ya magazeti ilikuwa imekuwa ya adabu zaidi, lakini mvuvi wa kisiwani alikuwa hajapewa nafasi ya kusema.

Sasa tuitazame lugha yetu. Watafsiri wa serikali ya kikoloni walipotafuta neno la Kiswahili la "native" walichukua neno "mwenyeji". Laiti wangelisikiliza neno hilo vizuri! Mwenyeji ni mwenye mji. Ndiye anayekaribisha, ndiye mwenye mlango na mwenye jiko. Wahenga wamesema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika methali hiyo mwenyeji hatawaliwi na mgeni, wala mgeni hachukiwi na mwenyeji. Methali nyingine yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Ndani yake mna sheria nzima ya ukazi. Mtu hawi mgeni milele. Akishika jembe pamoja na wengine, ameanza safari ya kuwa mwenyeji. Kiingereza cha magazeti ya kikoloni kilimfanya mwenyeji kuwa mtu wa chini katika nchi yake. Kiswahili kilimfanya mgeni awe mtu wa nyumbani kwa njia ya kazi. Ni mawazo mawili yasiyoweza kukaa chungu kimoja.

Waafrika wenyewe hawakulikubali neno hilo kimya kimya. Chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 kilijiita African Association, na TANU iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ikalibeba jina la Afrika katika bendera yake ya siasa. Nchini Kenya mabaraza yaliyokuwa yakiitwa Local Native Councils yalibadilishwa jina mwaka 1950 yakawa African District Councils. Mwaka 1957 lilianza gazeti la Kiswahili lililojiita Mwafrika, na jina hilo peke yake lilikuwa jibu kwa kurasa zote zilizotangulia. Polepole magazeti ya Kiingereza nayo yakaacha neno la zamani na kuandika "African". Halikuachwa kwa sababu wahariri waliamka asubuhi moja wakiwa na huruma. Liliachwa kwa sababu wale walioitwa hivyo walikataa.

Lakini mazoea hayang'oki kwa siku moja. Hapa kwetu wakulima wa kahawa walipounda chama kikuu chao cha ushirika mwaka 1950, kilisajiliwa kwa jina la Bukoba Native Co-operative Union. Wakulima waliokuwa wakiuza kahawa yao katika soko la dunia walilazimika kulibandika neno la watawala wao katika mlango wa chama chao wenyewe. Chama hicho kilibadili jina, na warithi wake twawajua leo kama KCU. Wenzetu wa Kilimanjaro, ambao chama chao cha KNCU kilianza mwaka 1933, wameendelea kuibeba herufi hiyo ya N katika jina. Hatuwalaumu, kwa kuwa wao wameijaza heshima ya kazi yao. Twautaja mfano huu ili tuonyeshe jinsi neno linavyoweza kudumu kuliko utawala uliolileta.

Tena kubadili neno peke yake hakutoshi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 neno "native" lilikuwa limekwisha kupungua sana katika magazeti, lakini kila mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Jina lilikuwa jipya, lakini masanduku ya rangi yalikuwa yale yale. Masanduku hayo yalivunjwa kwa hoja mwezi Oktoba 1961, pale wajumbe wengine wa Bunge walipotaka uraia wa nchi itakayokuwa huru utolewe kwa kufuata rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga waziwazi, akasema kwamba uraia lazima ufuate utii kwa nchi na wala si rangi ya ngozi, na akawa tayari kuacha madaraka kuliko kukubali. Baada ya hapo neno lililoshika nafasi katika magazeti yetu likawa "mwananchi". Ni mtoto wa nchi, mwenye nchi, tena bila kuuliza kabila wala rangi.

Kama mambo yangeishia hapo, tungeweza kulifunga jalada. Lakini hayakuishia hapo.

Goziba ni kisiwa cha wavuvi, mbali na bara. Watu wake wametoka pande nyingi za ziwa: Wahaya, Wazinza, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma na wengineo. Ziwa ndilo lililowakutanisha, na kazi ya dagaa na sangara ndiyo iliyowaweka pamoja. Je, watu hawa huitwaje katika taarifa zetu? Mara nyingi husikia wakiitwa "wavuvi wa kuhamahama", "watu wa makambini", au hata "wavamizi". Mahali wanapoishi huitwa "kambi", hata pakiwa na shule, kanisa, msikiti, duka na makaburi ya wazee. Kambi ni mahali pa kulala usiku wa leo na kuondoka kesho. Nani atajenga zahanati imara katika kambi? Nani atachimba kisima, au kupeleka mwalimu wa tatu na wa nne? Neno hilo hutoa jibu kabla ombi halijafika mezani.

Tazama sasa jinsi ukurasa wa leo unavyofanana na ule wa mwaka 1950. Mtumbwi ukizama, mwenye mali hutajwa, na waliokufa huwa "wavuvi kadhaa". Ugonjwa wa kipindupindu ukizuka, afisa wa bara hueleza tabia za watu wa visiwani, na mtu wa kisiwani haulizwi kama ana choo, kama ana maji ya kunywa, au kama dawa ilifika. Tumeliondoa neno, tumebakiza sarufi yake.

La kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba siku hizi neno "native" limehamia kwa samaki. Wataalamu wa ziwa hulitumia kuwatenga samaki wa asili, kama vile ngege, furu na dagaa, na wale walioletwa. Kwa kipimo hicho sangara ni mgeni kabisa. Aliletwa ziwani humu kutoka maziwa mengine katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala furu hata aina nyingi zikatoweka. Lakini viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza, Musoma na Bukoba, hakuna aliyemdai sangara cheti cha kuzaliwa. Fedha zake za kigeni zilipokewa kwa mikono miwili. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa samaki aliyeletwa kwa ndoo atahesabiwa kuwa mali ya taifa, na mtu anayemvua usiku kwa hatari ya maisha yake ahesabiwe kuwa mpita njia.

Twajua maofisa watatujibu, na jibu lao lina uzito. Ziwa hili lagawanywa na nchi tatu. Wako wavuvi wanaovuka mpaka bila kibali, wako wanaotumia nyavu haramu, na wako wahalifu wanaojificha visiwani. Serikali ina wajibu wa kujua ni nani yuko ndani ya mipaka yake. Hayo yote ni kweli, na gazeti hili haliwezi kutetea uvunjaji wa sheria. Lakini swali halali la serikali ni hili: je, mtu huyu ni raia, au ana kibali? Swali hilo lina sheria yake. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yataja raia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa kuandikishwa. Haimtaji "mwenyeji" wala "wa kuja". Afisa anayempima mtu kwa lafudhi yake, kwa umbo la pua yake, au kwa kijiji alichozaliwa babu yake, ameiacha sheria ya 1995 na kurudia kipimo cha 1923.

Mkoa wa Kagera una sababu ya kulijua jambo hili kuliko mikoa mingine. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyofanyika Kagera, Geita na Kigoma, maelfu ya watu waliondolewa au waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo walioishi humu kwa miongo mingi na waliodai kwamba ni Watanzania. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Lakini familia ikishatenganishwa, haiponywi kwa kuambiwa baadaye kwamba lilikuwa kosa la orodha.

Kwa mambo ya kijiji sheria iko wazi zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu anayeishi kwa kawaida katika kijiji hicho na aliyetimiza umri wa miaka 18. Haiulizi kabila. Haiulizi kama alizaliwa hapo. Yauliza kama anaishi hapo. Kwa hiyo mwanamke anayeanika dagaa Goziba mwaka hadi mwaka, aliyetokea Ukara au Ukerewe, ana haki ya kuketi katika mkutano huo, kusomewa mapato na matumizi, na kuuliza ushuru wa mwaloni ulikwenda wapi. Kumwambia "wewe si wa hapa" ni kumpora haki aliyopewa na Bunge.

Basi twasema hivi. Kwa waandishi wenzetu: mtu wa kisiwani atajwe kwa jina lake, umri wake na kijiji chake, kama anavyotajwa mtu wa mjini, na habari inayomhusu isikamilike mpaka yeye mwenyewe ameulizwa. Kwa maofisa wa wilaya na mkoa: neno "kambi" liondolewe katika taarifa zinazohusu vijiji na vitongoji vilivyoandikishwa, na neno "mkazi" litumike kama sheria inavyolitumia, ili mipango ya maji, afya na elimu ihesabu watu wote wanaoishi huko. Na kwa ndugu zetu wa visiwani: msiitane "wa kuja" ninyi kwa ninyi, kwa maana kila mmoja wenu alifika kwa kasia, yeye au baba yake. Andikisheni watoto wanapozaliwa, fuatilieni vitambulisho vyenu vya taifa, na hudhurieni mikutano ya vijiji vyenu. Haki isiyodaiwa hulala ofisini.

Neno "native" lilitoka katika magazeti yetu kwa sababu watu walioitwa hivyo walisimama na kusema majina yao. Watu wa Goziba nao wana majina. Yaandikwe.